Andazi la Mwisho

Nikisikia harufu ya iliki kwenye mafuta ya moto, narudi kwenye benchi la mgahawa mmoja pale Ngara, miaka ile wakimbizi kutoka Burundi walipokuwa wengi. Ilikuwa Jumapili. Baada ya misa baba aliniacha pale na chai ya maziwa, akaenda sokoni. Mama muuza maandazi alikuwa Msukuma, mkarimu sana, na karaini lilikuwa limebaki andazi moja.

Akaingia msichana wa rika langu, kidumu kitupu mkononi, mdogo wake mgongoni. Akasema kwa Kirundi kwamba mtoto hajala tangu jana.

“Anasemaje?” mama aliniuliza.

Kirundi na Kihangaza chetu ni ndugu. Nilielewa kila neno.

“Sijui, mama.”

Mama akadhani wanataka maji, akawajazia kidumu. Andazi akaniwekea mimi.

Pale mlangoni msichana alituaga kwa lugha yake. Nami, kwa mazoea ya nyumbani, nikaitikia kwa Kihangaza.

Akageuka, akanitazama.

“Kumbe,” mama alisema taratibu.

Mdomo wangu ulikuwa umejaa. Nikameza.