Gauni Lililoonekana Kabla ya Siku Yake

Saa nne asubuhi, jua la Barranquilla limeshafika chini ya cherehani, na Eliécer Púa anafumua gauni alilolishona tangu Novemba. Hakai. Anafumua upindo akiwa wima, anakwenda mlangoni, anachungulia mtaa, anarudi kufumua tena.

Shindano la malkia wa kanivali, lile la wanaume wanaojipamba kike, ni kesho. Hapa mtaani Rebolo, gauni la malkia hufunikwa shuka mpaka lifike jukwaani. Hata mama mzazi wa mvaaji haruhusiwi kulichungulia. Likionekana, limekufa.

Hili limeonekana, na aliyelifunua ni yeye mwenyewe.

"Sifa zimeniponza," anasema fundi huyo wa miaka hamsini na mbili. "Walikuja na kamera, wakaniita maestro. Nami huyo, nikavuta shuka."

Wenye kamera, wakiongozwa na Maritza Cuello wa Bogotá, wanatengeneza filamu ya maisha halisi kuhusu mashindano haya. Eliécer alidhani picha zingetoka mwakani. Juzi Maritza akarusha kipande kifupi mtandaoni, akitafuta wafadhili. Kufikia jioni, wapinzani walikuwa wakiuigiza mkia wa gauni barabarani, wamejifunga mapazia.

Leo alfajiri akaja Wilfrido, muuza samaki sokoni, mvaaji wa gauni hilo, ambaye jukwaani ndiye Yarima.

"Fundi, umenivua nguo mbele ya mji mzima!" alifoka. "Sipandi ng'o. Bora nibaki na samaki wangu, wao hawanicheki."

"Hawakucheki kwa sababu wamekufa, mwanangu. Njoo kesho saa kumi jioni. Na hizo ndevu nisizione."

Kwa hiyo analigeuza. Bitana nyekundu inakuwa uso wa gauni, bluu iliyosifiwa inaingia ndani, mkia unakatwa kuwa mabawa ya mabegani. Kanivali humwingizia zaidi ya miezi mingine yote anayokesha akipunguza suruali za wanafunzi, lakini leo hataki kusikia habari ya pesa.

Maritza amesimama mlangoni, kamera begani, macho yamemwiva. Anaomba radhi. Kisha, bila haya, anaomba kurekodi.

"Weka hilo dude chini, binti. Chukua sindano."

"Sijui kushona, don Eliécer."

"Na mimi sikujua mtandao. Kaa."

Anakaa, anashona, anajidunga, anatukana. Eliécer anacheka kwa mara ya kwanza tangu juzi, halafu wasiwasi unamrudia na anakwenda tena mlangoni.

Anataka nini kesho? Taji?

"Taji achukue atakayelichukua. Mimi nataka Yarima akitokea, watu wanyamaze kwanza. Pumzi moja tu, kabla ya makelele. Huo ndio ujira wangu wa mwaka mzima, na nimeugawa bure kwa kujisifu."

Anachukua upindo mkononi mwa Maritza, anautazama, anafumua mishono yake yote, kisha anamrudishia.

"Anza upya," anamwambia. "Twende, twende!"