Majina Yaliyozimika na Jenereta

Ipo siku moja ninayoikumbuka kwa hasira, mwanangu, na hasira yenyewe imezeeka pamoja nami bila kupoa. Juzi ilichochewa upya. Nilikuwa Kayanga, kwenye duka la kompyuta, nikamsikia muuzaji akimwambia mteja kwamba hizi hifadhi za sasa, zisizo na sahani ya kuzunguka ndani, zina kasi kiasi kwamba kumbukumbu ya mashine haina kazi tena. Mteja akaitikia. Mimi nikatoka bila kuaga, maana maneno hayo hayo niliyaamini nikiwa na umri wako, na kuna mama mmoja aliyeyalipia.

Ilikuwa miaka ya tisini, watu walipokuwa wakivuka Mto Kagera kukimbia vita ng'ambo ya pili. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya parokia huko Kaisho, msichana pekee wa kijiji chetu aliyejua kutumia kompyuta, na usiniulize kama nilijivuna. Kazi yetu ilikuwa kuandika majina: nani amepotezana na nani, na anapelekwa kambi gani, ili mtoto akitokea ijulikane mama yake yuko wapi. Mzee Laurenti, katekista wetu, aliwahoji kwa lugha yao na kuandika daftarini kwa penseli. Kisha mimi nilichapa.

Aliyenijaza upepo ni fundi mmoja kutoka mjini. Alianza vizuri. Alisema ndani ya kompyuta mna sehemu mbili. Kumbukumbu ni kama uteo wa kupepetea: hapo ndipo kazi inapofanyika, mikono inakwenda haraka, lakini umeme ukikatika kila kitu kinamwagika. Hifadhi ni kihenge cha kuwekea mavuno: ni ya polepole, ila maharage uliyoweka jana utayakuta leo. Halafu akaongeza kwamba huko Ulaya wanatengeneza kihenge cha namna nyingine, kisicho na sahani, chenye mbio na kisichosahau, na siku moja kitachukua nafasi ya uteo.

"Hutahitaji tena kuhifadhi," alisema. "Ukiandika, imeandikika."

Yeye alisema siku moja. Mimi nikasikia leo. Kuuliza si ujinga, mwanangu, lakini aliyekwisha kujiita mjuzi huona aibu kuuliza, na mimi sikumuuliza kama mashine yetu ilikuwa na kitu hicho.

Wiki iliyofuata walifika watu wengi kwa mpigo. Foleni ilitoka mlangoni ikapita katikati ya mibuni ya parokia, na malori yalikuwa yakisubiri kuwapeleka kambi za mbali kabla ya jioni. Penseli ya Mzee Laurenti ilikwenda taratibu kama kawaida yake. Nikachoka kumsubiri.

"Babu, weka daftari," nikamwambia. "Tafsiri tu, mimi nachapa moja kwa moja. Mashine haisahau."

"Una hakika, mjukuu wangu?"

"Nina hakika."

Akaiweka penseli mfukoni. Tukaenda mbio. Namkumbuka mama mmoja, Domitila, aliyekuwa akimtafuta bintiye wa miaka mitatu. Alisimama nyuma yangu mpaka alipoona jina la mtoto limetokea kwenye kioo, akanishika bega, akaenda kupanda lori.

Malori yalipoondoka, jenereta ilikohoa ikazimika. Dizeli ilikuwa imekwisha. Ilipoletwa nyingine nikawasha mashine, nikakuta orodha za siku za nyuma tu. Ya siku ile, hata jina moja halikuwapo. Tangu asubuhi sikuwa nimehifadhi hata mara moja.

Msimamizi wa ofisi akatangaza kwamba kompyuta imeharibika. Nami nikaitikia kwa kichwa. Hilo ndilo linalonichoma kuliko kosa lenyewe.

Mzee Laurenti alifunga mlango, akakaa mbele yangu. "Mashine haikuharibika," alisema. "Imefanya kama ilivyoundwa. Wewe uliwaambia watu wenye uchungu kwamba umepokea walichokupa, nawe hukukiweka popote. Na mimi nilikuwa na penseli mfukoni, nikanyamaza. Kesho tunakwenda kuwatafuta."

Hatukupumzika. Tulizunguka kambi baada ya kambi, kwa baiskeli, kwa miguu, tukimuuliza upya kila tuliyemkumbuka sura. Wengine walikuwa wamehamishwa mara ya pili. Katika siku hizo akaletwa binti wa Domitila. Akina mama wa kijiji cha Songambele walimkuta migombani, akilitaja jina la mama yake. Sura ya mama yake tuliijua. Kambi aliyopelekwa hatukuijua. Mtoto akachukuliwa na familia moja ya Kituntu, watu wema, wakamlea.

Tulipompata Domitila, kahawa ilikuwa imevunwa na kuchanua tena. Nikampeleka Kituntu mwenyewe. Alipiga magoti uani akafungua mikono. Mtoto akajificha nyuma ya mama aliyemlea, akachungulia, akamsalimu, "Shikamoo, shangazi."

Nikamwambia Domitila ukweli: aliyepoteza jina lake si mashine, ni mimi.

"Nilikuona ukiandika," akasema. "Usiku ule nililala usingizi kwa sababu yako."

Sijapata kutukanwa zaidi ya hapo, mwanangu, na hakuwa amenitukana.

Sasa sikia. Kihenge chenye mbio kimekuja kweli, fundi hakusema uongo. Lakini uteo haujaondoka, kwa kuwa kwa mbio za kazi bado unakishinda kihenge hicho, na kihenge chenyewe huchakaa kadiri unavyokiandikia. Huenda siku moja viwili hivi vikawa kitu kimoja, sikatai. Ninachokataa ni mtu kuwauzia watu wa leo kitu cha kesho. Usiache mbachao kwa msala upitao. Kijue kifaa ulicho nacho, si kile ulichosimuliwa. Ulichokabidhiwa na mtu kiweke mahali pa kudumu kabla hajageuza mgongo. Na ukikosa, usikisingizie chuma. Chuma hakina mdomo wa kujitetea.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe kazi ambayo watu watakuamini kwayo, na moyo wa kusema "nimekosa" kabla hujaulizwa.