Shokapu Mbili na Abiria wa Marangu

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kukatishwa. Haya hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalinipata mimi, pale Gerezani, Kariakoo, kwenye maduka ya spea, mchana kweupe, na sikuwa nimegusa hata bia moja.

Nina gari la spoti, jekundu, la milango miwili, limekaa chini mpaka tuta dogo tu linalikwaruza tumbo. Kiti cha nyuma kipo kwa jina. Wakati ule shokapu moja ya nyuma ilikuwa inavuja mafuta, na kila shimo nililisikia menoni. Kwangu halikuwa neno. Lakini baba alikuwa mgonjwa wa mgongo, safari ya basi ilishamshinda, na alitaka kitu kimoja tu: Krismasi ale nyumbani, Marangu. "Nipeleke, mwanangu," aliniambia. "Nikiikosa safari hii, sidhani kama kuna nyingine." Unamjibuje baba yako maneno kama hayo?

Nikaenda Gerezani na shokapu mbovu mkononi. Ndivyo tunavyonunua spea, unaibeba iliyokufa ikamtafute mwenzake. Hapo akanijia winga. Mnawajua mawinga wa Kariakoo, wanakuvuta mpaka dukani ili wapate chao kwa mwenye duka. Huyu alikuwa mwanamke, jambo la nadra kwenye spea, amejifunga kitenge cha njano, na kidole gumba cha mkono wa kushoto hakikuwa na kucha. Mvua ilikuwa inanyesha. Niamini, mimi nimelowa chapachapa, kitenge chake kikavu. Nililiona hilo, nikajiambia labda alikuwa amejikinga mahali.

Dukani macho yangu yakaenda moja kwa moja kwenye shokapu fupi nyekundu, zile za kushusha gari zaidi. Moyo ukadunda. Nikamwambia muuzaji anipe moja, ya upande ule mbovu.

"Hizo ni ngumu, zitamuumiza Elia," yule mama akasema. "Chukua zile nyeusi za kawaida. Na uchukue mbili. Ukibadilisha upande mmoja, gari litachechemea."

Akanitaka niibonyeze moja kwa uzito wangu wote. Nikaibonyeza. Ikazama, ikarudi taratibu, bila kusita. Muuzaji alikuwa ananitazama kwa wasiwasi.

"Kaka, unaongea na nani?"

Nikadhani wamegombana, mambo ya kamisheni. Nikalipia zile nyeusi mbili.

Nje nikataka kumpoza yule mama kidogo. Akakataa. "Nipe lifti tu, mwanangu. Nifikishe Marangu."

Winga akatae hela! Hapo tu nilipaswa kushtuka. Nikamwambia sawa, Jumamosi alfajiri, tunaondokea Buguruni, kwa baba. Nimeshaachana naye ndipo nikajiuliza: Elia ni baba, na mimi sikumtaja. Nikageuka. Hakuna mtu.

Jumamosi tukamsubiri, hakutokea. Nikafunga milango, na haki ya Mungu, gari likazama nyuma, polepole, kama mtu amekaa.

"Umepakia nini huko?" baba akauliza.

Kulikuwa na begi moja na shuka. Niliogopa, sifichi. Njia nzima nilikwepa kutazama kioo. Tulipokaribia Same nikashindwa kuvumilia, nikamsimulia baba kila kitu. Nilipofika kwenye kile kidole, akaanza kulia.

"Huyo ni Ndeshi, shangazi yako. Alikuwa anauza masufuria Kariakoo. Alipofariki ulikuwa hujazaliwa. Mafuriko yalikata barabara, tukamzika Dar. Sikuwahi kukwambia, niliona aibu."

Mchaga kulazwa mbali na kihamba cha baba yake, lile shamba la ukoo, na migomba yake, unajua maana yake? Baba akajigeuza kwa shida mpaka akakitazama kile kiti kitupu. "Dada," akasema, "tunaenda nyumbani." Hofu yangu ikaishia hapo. Nilianza hata kukwepa mashimo kwa ajili ya wawili.

Tulifika kihambani jua linazama. Gari la milango miwili, abiria wa nyuma hatoki mpaka wa mbele ampishe. Nikashuka, nikakikunja kiti changu mbele, nikasimama pembeni nimeshika mlango.

Gari likainuka nyuma. Taratibu, bila kusita.

Baba alipanda masale kati ya migomba, kama tunavyofanya kwenye makaburi yetu, na padri akaja kusali. Na yule aliyesema hakuna safari nyingine ameshakula Krismasi kadhaa Marangu tangu hapo, na kila mara anagombania tuondoke Dar mapema.

Kwa hiyo nakuonya. Ukienda Gerezani, usidanganyike na zile nyekundu, na usinunue moja. Na winga akikataa hela, akaomba lifti, usimwambie gari limejaa. Mpeleke. Mkifika, ukumbuke kukunja kiti.