Orodha Iliyonificha

Mwenzangu alikuwa ameshaandika barua ya kuacha kazi. Niliiona mezani pake asubuhi moja, imekunjwa mara mbili chini ya kikombe, na kwa kuwa mimi ndiye niliyemfikisha hapo, nilijifanya sijaiona.

Tulikuwa watu watatu katika chumba kimoja juu ya duka la vipuri, upande wa Kenya wa Busia: yeye, mimi, na mama mwenye kampuni, tuliyemwita Madam. Tulitengeneza visanduku vya kompyuta vya kuchunga matangi ya kupozea maziwa. Wakulima wa Sikuda na Molo, ng'ambo ya mpaka upande wa Uganda, wakishaleta maziwa yao asubuhi, kisanduku hupima joto la tangi na kuwasha mtambo wa baridi unapohitajika. Mwenzangu alikuwa mtu wa mjini, wa familia ya Kiislamu ya wasafirishaji. Aliendesha malori ya baba yake miaka mingi kabla ya kujifundisha programu ukubwani. Mimi ni binti wa wakulima wa Nagongera niliyepita chuo kikuu, na nilihakikisha kila mtu anakumbuka kwamba nimepita.

Mvua zilipoanza, visanduku vikaanza kukwama. Leo kimoja, baada ya siku nne kingine. Tangi la Molo likakosa baridi, na maziwa ya watu wengi yakaharibika. Mama aliyelisimamia alitupigia simu, akaongea kwa upole ulioniuma kuliko matusi.

“Maziwa yote nimemwaga,” alisema. “Wenyewe walikuwa wamesimama wanaangalia tu.”

Kilichokuwa kinaanguka, yaani kusimama ghafla katikati ya kazi, ni kerneli, ile programu iliyo chini ya programu nyingine zote ndani ya kompyuta. Kerneli inapoanguka huacha orodha: kifungu hiki cha programu kiliitwa na kile, nacho kikaitwa na kingine, hivyo hivyo mpaka chini. Kwa orodha hiyo ndipo unapojua pa kuanzia kutafuta kosa. Kila mara orodha yetu ilikuwa ile ile. Juu kabisa palikuwa na kifungu kidogo cha kunakili data, kimepewa data mbovu. Mstari uliofuata ulikuwa kifungu cha mwenzangu.

Nilimwambia Madam, mwenzangu akisikia, kwamba jambo liko wazi. Mwenzangu akajitetea kuwa kifungu chake hakiiti kabisa kile cha kunakili. Nikamjibu kwamba kompaila, programu inayogeuza tulichoandika kuwa maagizo ya mashine, huunganisha vifungu kwa namna ambayo mtu asiyesomea hawezi kuiona, na kwamba orodha haisemi uongo. Tangu siku hiyo nilikagua kila mstari wake kabla haujatumika, na sikuficha kwamba namkagua.

Asubuhi ile ya barua alikuja akasimama karibu na kiti changu.

“Dada, mimi sikatai kukosa,” alisema. “Nionyeshe tu mahali naita hicho kifungu. Ukinionyesha, naondoka bila neno.”

Nikafungua yale maagizo ya mashine ambayo kompaila ilikuwa imeyatoa, ili nimnyamazishe. Nikashuka agizo moja moja, kidole kwenye skrini. Kifungu chake kilikuwa na wito mmoja tu, na wito huo ulikwenda kwenye kifungu cha kusoma kipima joto. Hicho ndicho kilichoita cha kunakili. Nacho nilikiandika mimi, mwezi wangu wa kwanza kazini.

Mwenzangu hakucheka wala hakunilaumu. Alivuta kiti, akatazama skrini kwa muda, kisha akauliza swali ambalo ningepaswa kuliuliza mimi: “Sasa wewe ulipotelea wapi kwenye orodha?”

Aliichukua ile barua, akaigeuza, na nyuma yake tukaanza kuchora. Kila kifungu kinapoanza kazi hubandika alama kwenye kumbukumbu: nimetoka hapa, nitarudi hapa. Anayeandika orodha hufuata alama hizo. Lakini kifungu cha kunakili, kilichokuja na kerneli yenyewe, kiliandikwa kwa mkono, kwa lugha ya mashine, na ili kiwe chepesi hakikubandika alama yoyote. Kikianguka, orodha huanzia kwenye alama ya aliyekiita, na alama hiyo humtaja wa nyuma yake. Aliyekiita anarukwa. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nimerukwa mimi, na aibu yangu ikamwangukia yeye.

Nilimweleza Madam yote nikiwa nimesimama, na nikamwomba mwenzangu msamaha mbele yake. Kosa lenyewe lilirekebishwa kabla ya chai. Waya wa kipima joto ukilowa hutuma takataka, nami sikuwa nimehakiki urefu wa data inayoingia.

Mimi ningeishia hapo. Mwenzangu alikataa. Kerneli tuliyotumia ni ya wote, inaandikwa na watu wa dunia nzima, na alisema mahali fulani kuna mtu mwingine anayelaumiwa hivi sasa. Tukaandika marekebisho ili vifungu kama kile cha kunakili navyo vibandike alama, tukayatuma. Wahakiki wa kerneli hiyo wakayarudisha. Mmoja aliogopa kwamba kunakili kutakuwa kuzito, nasi tukapima na kumwonyesha kwamba hakujawa. Mwingine aliuliza: kerneli ikikatizwa kifungu kinapoanza tu, kabla alama haijabandikwa, mtajuaje nani amerukwa? Lilikuwa swali zuri, na lilinishinda kwa wiki mbili. Mwenzangu ndiye aliyelijibu.

“Kama hujui lori limetoka wapi, usibuni,” alisema. “Andika kwamba hujui.”

Ndivyo tulivyofanya. Orodha yetu ilihakikisha imefika chini kabisa, na kila iliposhindwa kuthibitisha hatua, iliandika wazi kwamba isiaminiwe. Tuliiangusha kerneli kwa makusudi katika kila agizo la mwanzo wa kila kifungu, siku nzima, siku baada ya siku, na haikudanganya hata mara moja.

Barua pepe iliingia mchana, Madam akiwa anakula. Marekebisho yamepokelewa, na asanteni. Mwenzangu aliniomba niisome tena, polepole. Jina lake lilikuwa pale pamoja na langu. Madam aliweka sahani chini, akatoka barazani na kumtangazia mwenye duka la vipuri kwamba watoto wake wameingia kwenye kompyuta za dunia. Mmoja wa watoto hao alikuwa na mvi.

Mwezi uliofuata kisanduku cha Sikuda kilianguka. Orodha ilikuja kamili mpaka chini, haijaruka mtu, na safari hii kosa lilikuwa la mwenzangu kweli. Aliliona, akapiga meza kwa furaha kama aliyefunga bao, na alipomaliza kulirekebisha maziwa yalikuwa bado baridi.