Pete Mbili za Mpira za Fundi Omolo

Saa moja asubuhi, Jumamosi ya Pasaka, mwaka 1959. Katika nyumba ya mabati mtaani Bondeni, Nakuru, Dalmas Omolo amepiga goti mbele ya kisanduku cha chuma kilichopigiliwa ukutani. Anapitisha kidole polepole kwenye ukingo wa tundu ambamo waya umeingia. Kisha anakiinua kidole kwenye mwanga wa dirisha. Kina mchubuko.

“Umeona, mama?” anamwambia mwenye nyumba. “Ikiwa chuma hiki kimekata ngozi yangu, kitauacha mpira wa waya?”

Mwenye nyumba ni Chepchirchir, mkunga anayejulikana hadi Gilgil. Ana vyumba viwili vya akina mama, na kwa miaka tisa amewazalisha kwa mwanga wa taa ya mafuta. Stima ilifika mlangoni kwake wiki hii. Fundi aliyeanza kazi ndani ya nyumba alipata ajira Kisumu akaondoka kabla ya kuimaliza. Omolo ameitwa kukamilisha na kuwasha.

Chumba cha pili amelala Namalwa, mke wa mfanyakazi wa reli. Uchungu umemwanza tangu alfajiri, na hii ni mimba yake ya kwanza.

“Fundi, mimi naona kila kitu kimefungwa,” anasema Chepchirchir. “Washa tu leo. Hayo mengine utakuja kuyatengeneza Jumanne.”

“Siwashi, mama. Nisamehe.”

Hajibu kwa ukali. Anazima swichi kubwa, anajaribu kila waya kwa balbu yake ya majaribio kuhakikisha hauna stima, kisha anaanza kufungua kazi aliyoikuta.

Omolo ana miaka arobaini na minne. Alitoka Nyanza mwaka 1938 kutafuta kazi Nakuru, na kwa miaka kumi na mmoja alibeba ngazi na kuchimba mitaro kabla ya kuruhusiwa kushika koleo la kukatia waya. Siku hizi ameajiriwa na mkandarasi mmoja wa mjini, ambaye ndiye anayetia sahihi kazi zote. Mafundi wenzake humtania kwamba akipewa nyumba moja, wao watamaliza tatu.

Ukimtazama utaelewa kwa nini. Tundu analisugua kwa tupa mpaka ukingo unakuwa laini. Analivisha pete ya mpira ili chuma kisiguse waya kabisa. Ngozi ya nje ya kebo haianzi kuivua nje ya kisanduku. Anaiingiza nzima hadi ndani, kiasi cha upana wa kidole gumba, ndipo anapoichuna. Hapo nje kidogo anaifunga ukutani kwa kibano, ili mtu akiivuta kwa bahati mbaya, isichomoke kwenye skrubu. Ndani anabakiza waya wa urefu wa shubiri moja.

“Fundi atakayekuja baada yangu naye anahitaji waya wa kushika,” anasema.

Hakuwa hivi zamani, na yeye mwenyewe hasiti kusimulia.

Mwaka 1951 alitia stima katika duka la mshonaji aitwaye Wangu. Ilikuwa Ijumaa na alikuwa na haraka. Waya aliupitisha kwenye tundu tupu la kisanduku, akawasha, akaenda zake. Cherehani ya Wangu ilikuwa imeegemea ukuta uleule, na kila alipokanyaga, ukuta ulitikisika kidogo. Miezi mitano baadaye chuma kilikuwa kimeula mpira hadi kwenye shaba. Waya wa ardhi, ule unaopeleka udongoni stima inayovuja, nao Omolo hakuwa ameukaza sawasawa. Wangu aliponyosha mkono kuzima swichi, stima ilimshika.

“Nilisikia mkono umekuwa wa mtu mwingine,” anakumbuka Wangu. “Dada yangu ndiye aliyenisukuma kwa ufagio.”

Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havijikunji tena.

Omolo alikwenda kumwona hospitalini. Anasema alikaa kwenye benchi saa nzima akishindwa kuingia. Alipoingia, alimwambia ukweli wote, kwamba kosa ni lake na kwamba hatagusa waya tena maishani.

“Nilimwuliza, sasa duka langu atatengeneza nani?” anasema Wangu. “Nilimwambia arudi alitengeneze yeye. Huyo alikuwa ameshajua makosa yako wapi. Mwingine angekuja kuanza kujifunza kwangu.”

Alirudi, akatengeneza. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ilimpeleka Wangu Nyeri kwa nguvu pamoja na jamaa zake wengi, na kwa miaka mitano hawakuonana. Amerejea Nakuru mwaka jana, na leo anashona kwa vidole vitatu kanzu ambazo huwezi kuziona kasoro yoyote. Mtu wa kwanza aliyemtafuta awashe stima katika chumba chake kipya alikuwa Omolo.

Kufikia saa nne, kazi ya Chepchirchir imekwama. Kisanduku kina kebo nne. Kwenye mfuko wa Omolo kuna pete mbili tu za mpira, na maduka yamefungwa kwa Pasaka mpaka Jumanne. Mawingu yametanda juu ya mlima Menengai na chumba cha Namalwa kimeanza kuwa giza.

“Funga hata kitambaa,” anasema Chepchirchir. Sasa sauti yake ni ya kuomba.

“Kitambaa kinaoza, mama. Nipe saa moja.”

Anapanda baiskeli. Mke wake, Akeyo, anaeleza kilichotokea nyumbani.

“Nilimwona anazima, anapanda kiti, anafungua kisanduku chetu. Nikamuuliza, mzee, na sisi je? Akasema sisi tuna koroboi. Nimekaa naye miaka ishirini, sikuuliza zaidi. Nilikwenda kutafuta mafuta.”

Saa tano na nusu alikuwa amerudi Bondeni akiwa na pete mbili za nyumba yake mfukoni. Alizivisha, akakaza vibano, akaziba tundu lililobaki wazi ili mende na mijusi wasiingie. Nje, waya unaoingilia ukutani aliuinamisha upande wa chini kabla ya kuingia, mvua idondoke chini badala ya kuufuata hadi ndani. Waya wa ardhi aliukaza, akauvuta, akaukaza tena.

Saa nane mvua ilipiga mabati hadi watu wakawa wanaongea kwa ishara. Omolo aliwasha. Chepchirchir alisimama chini ya balbu akiitazama mikono yake mwenyewe, kama aliyekutana nayo upya.

Namalwa alijifungua mtoto wa kike saa kumi kasorobo. Kitovu kilikuwa kimemzunguka mtoto shingoni.

“Kwa ile taa ya zamani ningekiona nimechelewa,” anasema mkunga. “Nilikuwa nimemkasirikia yule mzee asubuhi. Nimekwisha kumwambia.”

Alipomuuliza atamlipa nini, Omolo aliomba kitu ambacho Chepchirchir hakukitarajia. Agosti kuna mtihani wa mafundi Nairobi, na maswali yake ni ya Kiingereza. Yeye anaijua kazi, lakini kusoma kwake kunakwama. Chepchirchir alisomea ukunga hospitali ya misheni, kwa Kiingereza.

Wamekubaliana jioni mbili kila wiki, mezani kwake. Somo la kwanza ni Jumatano hii.

Akifaulu, Omolo atapewa cheti na ataruhusiwa kutia sahihi kazi zake bila kupitia kwa mkandarasi. Fedha zitaongezeka, anakiri, lakini si hizo anazozifikiria zaidi.

“Nataka jina langu liandikwe chini ya kazi yangu,” anasema, akifuta tupa kwa kitambaa na kuirudisha mfukoni. “Kazi ikiharibika, mwenye nyumba ajue ni mlango gani wa kubisha. Na mimi nikisikia hodi, nifungue.”