Siku Kiti Kilipombana Mshenga

Chekeni tu, mie nimeshajichekea mpaka nikachoka, na mke wangu nikimuudhi hanuni, ananikumbushia tu siku ile, basi mie ndiye ninayenuna. Aibu niliyoipata siku ya kupeleka posa yangu Mbweni simwombei hata adui, na yote ilianzia kwenye kipande cha msasa.

Gari langu ni la zamani lakini ni lile la kibosi, viti vyake vya umeme, unabonyeza swichi ubavuni kiti kinakwenda mbele, kinarudi nyuma, kinapanda (nilipolinunua nilikuwaga nabonyeza makusudi kwenye foleni ya Tegeta ili watu wa bodaboda waone). Basi swichi ya kiti cha abiria ikaanza vituko, mara inakubali, mara inagoma, mwisho ikafa kabisa na kiti kimeganda mbele, ukikaa magoti yanakugusa kidevu. Siku nyingine ningeacha hivyo hivyo. Lakini Jumamosi ile mshenga wangu alikuwa Mjomba Mwinyi, na Mjomba Mwinyi, Mungu amzidishie, ni mtu mwenye tumbo la heshima, halafu nyuma hakai, anasema mshenga haendi kuposa kama mzigo.

Nikaenda kwa Fundi Chande, fundi umeme wa magari pale Tegeta. Akasema, "Braza, niachie gari mpaka Jumatatu nikutafutie swichi nyingine." Nikamwambia Jumatatu haifai, nitaifungua mwenyewe niisafishe. Akanitazama kwa huruma.

"Usije ukakwangua vile vishaba vya ndani vinavyopitisha umeme kwa msasa. Vikichimbika vinanata, na vikinata kiti hakisimami. Halafu fyuzi yake unaijua iko wapi?"

"Naijua," nikasema. (Nilikuwa siijui.)

Ijumaa mchana nikatandika mkeka barazani, nikaifungua swichi, nikakuta vishaba vyeusi tii, nikajiambia huyu Chande anataka kula hela yangu tu, nikavikwangua kwa msasa mpaka vikang'aa. Wakati wa kufunga kikabaki kispringi kimoja juu ya mkeka. Nikakitazama, nacho kikanitazama, nikasema kama kingekuwa na kazi kisingebaki, nikakitia mfukoni. Nikabonyeza: kiti kikarudi nyuma, laini! Hapo hapo nikampigia Rehema, mchumba wangu, kumwambia baba yake anapata mkwe fundi.

Sasa kosa la pili. Kwetu mwenye posa haendi na posa yake, anakaa nyumbani roho juu, wazee wanakwenda kumsemea. Lakini mie na kiherehere changu nikasema gari hili lina tabia zake, hakuna wa kuliendesha ila mimi, nitabaki humo humo ndani, nani atanijua? Mjomba akasita, kisha akaniwekea sharti.

"Utavaa kapelo, na ukiulizwa, wewe ni dereva wa kukodi. Baba yake Rehema, Mzee Athumani, hajawahi kukuona, na leo si siku yake ya kukuona."

Saa kumi kamili alasiri tukasimama getini, Mjomba mbele na koti juu ya kanzu, Shangazi Zuhura nyuma na bahasha ya barua. Mzee Athumani ameshatoka kutupokea, kanzu nyeupe pee. Sifa zikanipanda. Nikamnong'oneza Mjomba, "Kiti kimerudi nyuma kupita mlango, bonyeza swichi kidogo kikusogeze mbele ushuke vizuri."

Akabonyeza. Kiti kikaenda.

"Inatosha Mjomba, achia."

"Nimeshaachia!"

"Umeachia kweli?"

"Nimeachia, mtoto wewe, kinakwenda chenyewe!"

Nikazima gari. Wapi! Kumbe viti vile havisubiri ufunguo, vinakula umeme wa betri moja kwa moja. Magoti ya Mjomba yakaingia chini ya dashibodi, tumbo nalo likafuata, kifungo cha mkanda kikafukiwa na paja, hakionekani wala hakigusiki. Nikarukia fyuzi, nikachomoa moja, redio ikafa. Nikachomoa nyingine, vioo vikafa. Kiti kinanguruma tu. Katika kuhangaika kiwiko kikatua kwenye honi, na majirani wakatoka wote.

"Yallah!" akapiga kelele Shangazi. "Tumekuja kuposa, tutarudi na maiti!"

Mzee Athumani akaja, akachungulia, wala hakupiga makelele. "Fungua boneti." Kumbe kabla hajastaafu alikuwa fundi mitambo. Akachomoa waya wa betri kwa mkono wake, kiti kikanyamaza, ila kikanyamaza pale pale kilipofika. Basi akafungua mlango wa Mjomba, akapiga magoti chini na kanzu yake nyeupe, akaingiza kichwa chini ya kiti.

Na Mjomba ni mtu wa taratibu. Aliambiwa saa kumi, na saa kumi inapita. Akakohoa kwa shida.

"Mzee mwenzangu, assalaam alaykum."

"Waalaykum salaam," ikajibu sauti kutoka chini ya kiti.

"Tumekuja kwa heshima na taadhima. Ndani ya nyumba yako tumeona ua, nasi tunaye kijana wetu..."

"Vuta mguu."

"...kijana mtulivu, mwenye adabu, anayejua kutunza kila anachokabidhiwa."

Nikaishusha kapelo mpaka puani. Simu ikatetemeka, ujumbe wa Rehema, yuko dirishani juu anatazama: "Mama ananiuliza dereva ni nani. Nimesema simjui."

Mzee Athumani akachomoza, swichi mkononi, grisi kifua kizima. "Dereva! Nani kaikwangua hii kwa msasa? Na springi yake iko wapi?"

"Ni... ni fundi, mzee." (Fundi Chande, ndugu yangu, nisamehe.)

"Basi fundi huyo ni mwendawazimu, na wewe uliyempa kazi ni mwendawazimu wa pili."

Nikaitikia, "Ndiyo mzee," maana wote wawili walikuwa mimi.

Akarudisha betri, akagusanisha nyaya anavyojua yeye, kiti kikarudi nyuma, Mjomba akatoka kofia imepinda. Wakaingia ndani. Mie nikabaki kwenye joto na vioo visivyoshuka, naomba dua zote ninazozijua. Walipotoka, Mjomba alisubiri tufike barabarani ndipo aseme.

"Posa imepokelewa."

"Alhamdulillahi!"

"Ila Mzee ana sharti moja. Yule dereva asikanyage tena kwake, hata siku ya harusi."

Jamani, nilisimamisha gari pembeni. Nikimwambia ukweli, mshenga wangu anaonekana muongo na posa inavunjika. Nisipomwambia, naoa vipi bila kuonekana? Nikafuga ndevu miezi miwili.

Siku ya akdi nikavaa joho na kilemba, nimekaa mbele ya Mzee Athumani, yeye ndiye walii wa binti, kanishika mkono kama desturi. Badala ya kuanza, akaniinamia, akanichungulia chini ya kilemba. Watu wakadhani ni uchungu wa kumtoa binti. Akasema taratibu, "Wewe si yule dereva?"

Na mie wiki nzima nilikuwa nafanya mazoezi ya jibu moja tu. Likanitoka kwa sauti, msikiti mzima ukasikia: "Nimekubali!"

"Bwana harusi," akasema shehe, "tulia, bado hujaozeshwa."

Msikiti ukaangua kicheko. Mjomba Mwinyi akajifunika uso kwa kofia. Mzee Athumani akawa hacheki, mkono wangu kaukaza, nikajua basi, Rehema ndiyo nimemkosa. Halafu nikaona mabega yake yanatikisika. Alicheka yule mzee mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanzu, kisha akaniozesha vizuri, nami safari hii nikajibu mahali pake.

Kabla hajaniachia mkono akanivuta karibu. "Binti yangu nimekupa. Huo msasa uliobaki, niletee mimi."

Kesho yake nikampelekea, na kile kispringi juu yake, na tangu siku hiyo hata taa ikiungua nyumbani sigusi, nampigia simu baba mkwe.