Prosesa ya Kwaya

Komite ya kununua kompyuta ya kwaya yetu ilikuwa na watu saba. Saba! Wote kwa ajili ya prosesa, kile kipande kinachobeba akili ya kompyuta nzima na ambacho ungeweza kukifunika kwa biskuti moja. Walikuwa na prezida, makamu wake, katibu, mtunza fedha, washauri wawili, na mama mmoja aliyeitwa mlezi, ambaye kazi yake sikuijua wakati ule. Mimi sikuwemo. Mimi ni fundi wa kompyuta tu, mwenye meza yake mtaa wa Nyamianda, na kwetu fundi asiye na diploma huitwa siku kitu kimeharibika, haitwi siku ya kuchagua.

Lakini video zilikuwa zangu. Tulikuwa tumeshuka ufukweni mwa ziwa, upande wa Kalundu, kwaya nzima ndani ya sare mpya, nikarekodi nyimbo nne kwa kamera ya kukodi. Wiki iliyofuata kompyuta yangu ya montaji, ya kukata na kuunganisha video, ikafa, ikafa kweli, na ya kwaya ilikuwa bado ni ndoto ya mikutano.

Katika mstari wa mbele alisimama shangazi yangu, aliyenilea tangu nina miaka sita. Ameimba katika kwaya ile tangu kabla sijazaliwa na hakuwa amejiona akiimba hata siku moja. Macho yake yalikuwa yanazimika. Daktari alisema ni presha ya macho, dawa zitachelewesha tu, na asitegemee miezi mingi. Kwenye simu hakuona kitu ila vivuli. Kwenye televisheni kubwa ya chumba cha kwaya, akikaa karibu, bado alitambua sura za watu.

"Mutoto wangu," aliniambia, "minye nataka nijione mara moja tu. Kisha, yakizimika, yazimike."

Video za kamera ile televisheni haikuzisoma, lazima zipitie kwenye kompyuta. Haraka yote ilikuwa hiyo, na komite ilijua.

Waliniita nitoe maoni ya kifundi. Nilikwenda na karatasi moja. Niliandika prosesa ya bei ndogo ambayo ina sehemu ya picha ndani yake, ili skrini ichomekwe moja kwa moja bila kununua kadi ya picha. Nikawaeleza kwamba chumba cha kwaya kinaendeshwa na sola na betri mbili zilizochoka, na kadi ya picha hula umeme mwingi. Kwamba nyimbo nne za kwaya si filamu ya vita. Kwamba kitakachobaki kwenye bajeti kiende kwenye memori. Niliongea polepole, kwa heshima, kama mtu anayeamini kwamba anasikilizwa.

Mshauri wa kwanza alikuwa na lisansi ya informatiki, shahada ya mambo ya kompyuta, na hakufungua kinywa bila kuitaja. Ukimwona akigusa kipanya cha kompyuta utadhani kitamuuma. Aliishika karatasi yangu kwa vidole viwili.

"Hii prosesere iko ya masikini," alisema. "Picha ya ndani iko ya banafunzi, ya kuandikia mabarua. Sisi tuko kwaya kubwa. Nimeshauliza ku Bujumbura, kwa bei ile ile iko ingine, namba kubwa, nguvu mara mbili."

"Na picha itatokea wapi?" nikauliza.

"Picha inatokaka ku ekra, papa," akasema, akichora skrini hewani. "Hata mutoto anajua."

Chumba kizima kikacheka. Prezida alicheka mpaka akajifuta machozi. Kisha wakalipigia makofi pendekezo la mshauri, na kwetu jambo likishapigiwa makofi limekwisha. Katibu aliandika kwamba fundi ameshukuriwa. Nilitoka pale nikiwadharau mmoja mmoja, kwa cheo chake, kuanzia prezida mpaka mlezi.

Mzigo uliletwa na mama mmoja mfanyabiashara anayevuka mpaka karibu kila siku kununua vitu Bujumbura. Siku ya Alhamisi nilitumwa kumpokea mpakani, Kavimvira, maana kubeba hakuhitaji diploma. Aliniwekea mkononi boksi la prosesa, likiwa na lakiri yake. Nikaligeuza. Ubavuni, kwa maandishi madogo ya Kiingereza, iliandikwa waziwazi kwamba prosesa ile haina picha ndani, inahitaji kadi.

"Muuzaji anasema kama lakiri haijakatwa anabadilisha," yule mama akaniambia. "Minye narudi kule kesho asubuhi. Kama iko shida, useme leo."

Nilisimama pale, wabadilisha pesa wakinipigia kelele kutoka pande zote, boksi mkononi. Nilijua kila kitu. Nilijua prosesa niliyoiandika kwenye karatasi yangu ilikuwa duka lile lile. Kilichonijia kichwani ni kicheko cha prezida na vidole viwili vya mshauri.

"Hakuna shida," nikasema.

Sasa, kwetu kifaa cha kanisa hakifunguliwi kabla ya kuombewa. Gitaa, spika, hata feni, kinakaa na karatasi zake mpaka Jumapili mchungaji akiwekee mikono. Kwa hiyo boksi lilikaa mezani kwa prezida siku tatu, limefunikwa kitambaa cheupe, na hakuna hata mmoja wa wale wasomi aliyelisoma. Jumapili likaombewa kwa dakika nyingi, mshauri akiwa amefumba macho kuliko wote. Ndipo lakiri ikakatwa kwa mkasi na mlezi, kwa vigelegele. Kumbe kazi yake ilikuwa hiyo.

Niliiunganisha mashine, prosesa na vipande vingine vyote, mbele ya watu wote. Feni zikazunguka, taa zikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Mshauri akasema waya ni mbovu. Tukabadilisha waya. Akasema skrini ni mbovu. Ikaletwa skrini ya ofisi ya mchungaji. Akasema umeme wa sola ni mchafu. Makamu wa prezida akanong'ona kwamba kuna mtu ana jicho baya na kwaya yetu. Niliwaacha wamalize yote, na nakiri nilifurahi, nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya harusi yangu. Walipoishiwa maneno nikaliinua boksi na kuwasomea ubavu wake, neno kwa neno, kwa Kiingereza kwanza, kisha kwa Kiswahili.

Mshauri alininyooshea kidole. "Hii boksi ilipita mu mikono yako Alhamisi," akasema.

Hilo lilikuwa jambo pekee la akili nililowahi kusikia kutoka kwake. Nikamjibu kwamba mimi ni mbebaji tu, mikono ya mbebaji haisomi. Watu wakacheka tena, safari hii upande wangu. Shangazi alikuwa amekaa kiti cha mbele kabisa, amesogezwa karibu na televisheni, mikono juu ya magoti, maana aliahidiwa kuziona video siku ile ile, hata kabla ya montaji. Hakucheka. Aliuliza kama imeshaanza.

Muuzaji wa Bujumbura alikataa boksi lililofunguliwa. Komite ikakutana mara tatu kutafuta mkosaji badala ya prosesa. Mshauri akaleta kadi ya picha ya mtumba kuokoa jina lake. Betri zikaisha kabla wimbo wa kwanza haujaingia kwenye mashine, na jaribio la pili likaua mtambo wa sola. Wiki zikaenda kutengeneza mtambo. Mwishowe wakaniletea karatasi yangu ile ile, imekunjwa, na kuniomba niagize kilichoandikwa pale. Niliipokea kwa vidole viwili.

Jioni hizo nilikuwa nikipita kwa shangazi. Aliacha kwanza kuchambua maharage, kisha akaacha kunifungulia mlango. Siku moja nilimkuta anatafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. Nilimsogezea. Ningeweza kwenda kumpigia magoti fundi mwenzangu wa mjini aniazime mashine yake siku mbili tu. Yule jamaa aliwahi kuniita fundi wa barabarani, nami sikutaka kumpa raha.

Prosesa ndogo ilipofika iliwasha picha mara ya kwanza. Nyimbo nne nilizimaliza kwa siku tatu, betri hazikulalamika. Sikuomba makofi. Nilimchukua shangazi kwa pikipiki, polepole, nikamkalisha mbele ya televisheni ya kwaya, tukiwa wawili tu, nikabonyeza.

Wimbo ukaanza. Aliinua uso kuelekea sauti, si kuelekea kioo. Spika ilikuwa kushoto. Akaimba pamoja nao ubeti wote wa kwanza. Kisha akauliza:

"Minye niko wapi pale?"

"Mbele, shangazi. Katikati."

"Niko nafungua mudomo muzuri? Bananiambiaka nafungua sana."

"Muzuri sana."

Akaupapasa mkono wangu mpaka akaupata. "Balisema ingekuwa tayari ile Jumapili. Ile Jumapili nilikuwa bado naona. Juu ya nini ilikawia hivi?"

Nikamwambia kwamba mpaka ulikuwa umefungwa, mizigo haikuvuka. Na kweli ulifungwa, siku mbili tu, katika zile wiki tano tangu Jumapili ile.